Tujaribu na Kitabu cha Mkunga

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Waliomwita fundi walikuwa wageni. Wenyeji walimwita Tujaribu, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza kumtoka mdomoni ukimpelekea kompyuta iliyokufa. Hata uiletee ndani ya mfuko wa plastiki, imemwagikiwa chai na kufungwa kwa gundi ya karatasi, ataiweka mezani, ataipuliza vumbi, ataitazama kwa huruma kama mtoto wa jirani aliyeanguka, kisha atasema, "Tujaribu kwanza." Na kusema kweli mara nyingi alifaulu, jambo ambalo lilimharibu kabisa.

Siri yake ilikuwa flashi moja ndogo yenye uzi mwekundu, iliyokaa mfuko wa shati upande wa moyo. Ndani yake aliweka mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, Linux, ule unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski ya mashine. Alipenda kuwaeleza wateja kwamba ni sawa na mgeni anayekuja kupika jikoni kwako kwa sufuria zake mwenyewe: akiondoka, jiko lako liko vilevile ulivyoliacha. Wateja hawakuelewa sana habari ya sufuria, lakini walipoona picha za harusi zilizodhaniwa zimepotea zikijitokeza moja baada ya nyingine, walimshika mkono kwa mikono miwili.

Kazi yake aliijua. Kioo kikibaki cheusi baada ya kuwasha, alisimamisha mashine kabla haijaamka vizuri, akaongeza neno moja kwenye mstari wa kuwashia, picha ikaja. Mashine ikijifanya haioni flashi, aliingia kwenye mipangilio ya ndani na kufungua kufuli iliyowekwa na walioiunda. Diski ikigoma kuandikwa, hakukimbilia kusema ni mbovu. Alijua mwenye mashine ameilaza badala ya kuizima, na mfumo wa zamani umelala na funguo zote. Haya yote aliyafanya huku akisimulia, maana Tujaribu hakuweza kutengeneza kitu kimyakimya. Mikono ilikwenda upande wake na mdomo upande wake, na kila mmoja ulijiona ndiye bosi.

Kulikuwa na kompyuta moja tu mtaa mzima ambayo hakuwa ameitengeneza, nayo ilikuwa ya mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga mstaafu, na kila mtu alimwita Mkunga, mumewe naye akiwemo. Nusu ya watu waliopita dirishani kwake walipitia kwanza mikononi mwake. Alimjua aliyetanguliza miguu, aliyekuja kabla ya gari kufika hospitali, na yule aliyelia hata kabla hajatoka mzima, ambaye sasa ni dalali. Alipostaafu alianza kuandika kitabu juu ya miaka yake wodini. Aliandika kila siku kuanzia asubuhi, akiwa amevaa vizuri kama anayekwenda zamu, na simu yake akiifungia kwenye droo ya chumbani chini ya mashuka ili isimsumbue.

Diski ya kompyuta yake ilikufa muda mrefu uliopita. Tujaribu alisema ataweka nyingine kesho. Diski ya kesho ilipopatikana, akaja mwalimu analia ana mitihani, ikaenda kwa mwalimu. Iliyofuata ikaenda kwa mwenye duka la dawa. Iliyofuata tena iliondoka na mtu ambaye hata hakumbuki ni nani. "Wa nyumbani hakimbii," alikuwa akisema, na kwa kweli wa nyumbani hakukimbia popote. Alikaa palepale dirishani akiandika, kwa mashine isiyo na diski.

Aliandikaje basi? Hapo ndipo Tujaribu alipojiona ameonyesha ubingwa. Kila asubuhi alichomeka ile flashi yenye uzi mwekundu kwenye kompyuta ya mkewe. Mashine ikaimeza yote, mfumo pamoja na kazi zote za Mkunga, ikaviweka kwenye kumbukumbu yake ya muda, ile inayoishi kwa umeme tu. Kisha flashi ikachomolewa, na Tujaribu akatoka nayo kwenda kuokoa mashine za watu, wakati mkewe anaendelea kuandika bila kuhisi lolote. Jioni flashi ilirudi nyumbani, ikachomekwa, Mkunga akabonyeza kuzima, na mashine kabla ya kulala ikaandika kazi ya siku nzima juu ya flashi. Kulikuwa na sharti moja tu: kompyuta isizimwe flashi ikiwa nje. Mkunga alilishika sharti hilo kama alivyoshika masharti ya wodini.

"Baba, huo ni wazimu," binti yao alimwambia siku moja kwa simu. Binti huyo alikuwa akifanya kazi mji mwingine na ndiye aliyemtafutia mama yake mchapishaji.

"Huu ni utaalamu, mwanangu," Tujaribu akajibu. Wote wawili walikuwa sahihi.

Kitabu chenyewe hakuwahi kukisoma. Mkunga hakumpa, na yeye hakuomba. Aliogopa kuonekana anapekua. Lakini hilo halikumzuia kujigamba nacho kila alipokwenda. Mke wangu ni mwandishi, alikuwa akisema, na akiulizwa kitabu kinahusu nini, alikohoa kidogo na kusema kinahusu maisha.

Asubuhi tunayoisimulia, Mkunga alikuwa amekaa mezani kabla chai haijamiminwa.

"Leo namaliza," akasema.

"Unamaliza nini?"

"Kitabu, Mzee. Imebaki sura moja, na ninayo yote kichwani."

Tujaribu alifurahi hadi akasahau kunywa chai yake. Alisubiri mashine imeze flashi, akaichomoa, akaitia mfukoni. "Haya, flashi inatoka," akatangaza kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yao.

"Itoke. Ila leo irudi mapema, nataka kuzima nikiwa nimekiona kimehifadhiwa."

Kituo chake cha kwanza kilikuwa saluni. Msusi alikuwa rafiki wa Mkunga, kwa hiyo alimwita Tujaribu shemeji na kumtania kwa haki zote za ushemeji. Kompyuta yake ilikaa juu ya kabati la mafuta ya nywele, na ndani yake mlikuwa na picha za mitindo yote aliyowahi kusuka, ambazo wateja walichagulia.

"Shemeji, jana ilikuwa nzima," Msusi akasema. "Leo inaniandikia maneno meupe mengi kama risala kwa mgeni rasmi, halafu inanyamaza."

"Tujaribu kwanza," akasema Tujaribu, na wanawake wawili waliokuwa wakisukwa wakatazamana kwenye kioo wakacheka.

Aliwasha. Kioo kikawa cheusi. Akaongeza lile neno lake. Linux ikawaka, na kwa kuwa mashine ya Msusi ilikuwa na kumbukumbu kubwa, aliiamuru nayo iumeze mfumo wote, bila kazi za Mkunga, ili ikimbie haraka. Hapo alitakiwa achomoe flashi yake na kuirudisha mfukoni. Hakuichomoa, kwa sababu tayari alikuwa katikati ya kisa kuhusu kompyuta ya mwenye buchari. Picha za mitindo zikajitokeza zote, nzima. Msusi akapumua.

"Sasa nitengenezee na mimi flashi kama hiyo, nisikusumbue kila siku. Yangu hiyo hapo, niliichomeka tangu asubuhi nikidhani itasaidia."

Hakuna maneno matamu kwa Tujaribu kuliko hayo. Alifungua kile kijiprogramu kinachonakili mfumo mzima kwenda flashi nyingine. Kikamwonyesha flashi mbili kwa mstari na kumuuliza aandike juu ya ipi. Sasa, mashine huzipanga flashi kadiri ilivyozikuta. Miaka yote hiyo, ya Tujaribu ilikuwa ya kwanza na ya mteja ya pili, maana ya mteja huja baadaye. Kidole chake kilishazoea kuchagua ya pili bila kumshirikisha mwenyewe. Siku hiyo ya Msusi ilitangulia, kwa kuwa ilikuwemo tangu asubuhi. Ya pili ilikuwa yake.

Kidole kikachagua ya pili. Kompyuta, ambayo haikuwa na haraka yoyote, ikauliza: kila kitu kilichomo kitafutwa, una uhakika?

"Hivi hicho kitabu cha Mkunga," akauliza mwanamke aliyekaa chini ya kofia ya kukaushia nywele, kwa sauti kubwa kwa sababu ngurumo yake ilimziba masikio, "na mimi nimo?"

Tujaribu aligeuka mzima mzima. "Humo kuna kila mtu," akasema, na bila kutazama akabonyeza Ndiyo.

Flashi ambayo bado inatumika, programu ile ingekataa kuifuta. Lakini mashine ilishaumeza mfumo uliomo na haikuihitaji tena, ikaiona ni flashi tu kama flashi nyingine. Ujanja wake mwenyewe ndio ulioondoa kinga. Aliendelea kusimulia jinsi mkewe anavyoandika akiwa amevaa viatu, hadi jicho lake lilipoangukia ubavuni mwa kompyuta. Flashi ya Msusi ilikuwa imetulia tuli. Ile yenye uzi mwekundu ilikuwa ikimetameta kwa bidii.

Aliichomoa kwa nguvu hadi uzi ukakatika. Akaichomeka tena, akaiangalia. Hapakuwa na kitu, ila mwanzo wa mfumo mpya. Alijua kuna namna za kuokota mabaki, aliwahi kuwaokotea wengine. Lakini alijua pia alivyowarudishia: kipande hapa, nusu ukurasa pale, katikati herufi za ajabu.

Akasimama akiwa amekishika kile kidude kiganjani, akapiga hesabu. Jana yote ilikuwa kwenye flashi, na jana haipo. Kitabu chote sasa kilikuwa mahali pamoja duniani: ndani ya kumbukumbu ya muda ya kompyuta iliyoko dirishani nyumbani, kikishikiliwa na umeme peke yake. Betri ya mashine ile aliitoa mwenyewe siku ilipovimba, akasema ataweka nyingine kesho. Umeme ukipepesa jicho, miaka mitatu ya Mkunga inakwenda na maji.

Alipiga simu. Iliita hadi ikachoka. Aliisikia kabisa akilini ikitetemeka chini ya mashuka.

"Shemeji, mbona umekuwa na rangi ya majivu?" Msusi akauliza.

"Nakuja," akasema Tujaribu. Akachukua flashi zote mbili, mkoba wa vifaa akauacha kwenye kiti, akatoka.

Watu wa mtaa ule walikuwa hawajawahi kumwona Tujaribu akikimbia. Alikuwa na tumbo la heshima na ndala za ngozi ambazo hazikuumbwa kwa mbio. Mshona viatu wa kona alishusha sindano. "Tujaribu anakimbia," akamwambia mteja wake. "Nyanyua miguu tuone anafukuzwa na nini." Mbele kidogo alikaa bibi mmoja muuza nyanya, na hata kitabu cha mke hakitoshi kumfanya mtu ampite bibi bila salamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," akasema huku akirukaruka pale pale.

"Na binti yenu?"

"Mzima."

"Na miguu ya mkeo, ilikuwa inamsumbua."

"Imepona, bibi, kwaheri ya kuonana," akasema akiwa ameshaondoka, na bibi akabaki akitikisa kichwa kuhusu watu wa siku hizi.

Alipokata kona akasikia sauti aliyokuwa akiomba asiisikie. Ilikuwa karakana ya mchomeleaji. Mtaa mzima ulimjua mchomeleaji kwa sababu kila alipogusisha chuma taa za nyumba zote zilifumba na kufumbua, na juma lililopita alikata umeme wa nyumba sita kwa dirisha moja. Cheche zilikuwa zikiruka. Geti kubwa lilikuwa limelazwa chini.

"Zima," Tujaribu akasema, pumzi ikimkatika. "Nakuomba, ndugu yangu. Zima."

Mchomeleaji alinyanyua barakoa yake. "Nizime nini? Mwenye geti anakuja sasa hivi."

"Nusu saa tu."

"Kuna mgonjwa?"

"Kuna kitabu cha Mkunga. Umeme ukikatika kinapotea chote."

Mchomeleaji alikuwa na watoto wanne, wote walipokewa na Mkunga, na wa mwisho alimpa kazi kweli. Hakuuliza kitabu kinapoteaje kwa umeme. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani, na kwa kuondoa shaka akaukunja akaukalia. "Mwenye geti akija nitamwambia kuna mzazi," akasema. "Nenda. Msalimie sana."

Nyumbani palikuwa kimya. Mkunga alikuwa mezani, mgongo umenyooka, kompyuta inanguruma taratibu. Pini ya chaji ilikuwa imefungwa kwa mpira wa kufungia pesa isije ikachomoka, maana tundu lake lilishalegea. Tujaribu alikuwa ameuona mpira ule kila siku. Siku hiyo aliuona kwa mara ya kwanza, na ukamtia aibu.

"Umewahi," Mkunga akasema bila kugeuka. "Nimebakiza aya mbili. Taa zimecheza mara mbili leo, huyu kijana wa mageti atatumaliza."

"Ndiyo," akasema Tujaribu. Alikuwa amepanga njiani aingie kama kawaida, na alidhani ameweza.

Mkunga aligeuka. Alimtazama kwanza uso, kisha ndala, ambazo moja ilikuwa imekatika. "Lete mkono," akasema.

"Sina kitu."

"Lete mkono, Mzee." Akamshika kifundo kwa vidole vitatu, akatazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu. Tujaribu alisimama kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Umekimbia. Wewe. Umekimbia kutoka wapi?"

"Nilitaka tu kunakili kitabu. Kwenye simu yako. Kama akiba."

"Kwa nini leo?"

"Si umesema leo kinaisha?"

Jibu hilo lilikuwa zuri, alilikubali hata yeye mwenyewe. Flashi mbili zilikuwa mfukoni, lakini kuitoa yoyote kungemuumbua, ya kwake kwa uzi uliokatika na ya Msusi kwa ugeni. Mkunga akaenda kuitoa simu chini ya mashuka, na Tujaribu akafungua droo ya nyaya. Ndani mlikuwa na nyaya za kila aina, zimesukana kuliko kichwa chochote cha saluni. Akachomeka wa kwanza. Simu ikaanza kuchaji, kompyuta ikajifanya haijui kuna simu. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Zilikuwa nyaya za bei rahisi, zinazopitisha umeme tu na si kitu kingine, na alizinunua mwenyewe kwa rundo akijisifu. Jasho lilimtiririka hadi puani. Taa ya ukumbini ikafifia, ikarudi. Ilikuwa pasi ya jirani tu, lakini Tujaribu alishika meza kwa mikono miwili kana kwamba meza ndiyo iliyoshikilia umeme.

"Jaribu huu," Mkunga akasema, akampa waya mfupi mweupe kutoka kwenye pochi yake. "Ulikuja na simu. Sikutaka uutie kwenye hiyo droo yako."

Simu ikaitika. Ikauliza kama inaruhusiwa kuonyesha vilivyomo, Mkunga akairuhusu kwa kidole gumba. Tujaribu akalivuta folda la kitabu, akaliachia upande wa simu. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika mwisho. Akafungua simu, akahakikisha sura zote zimo, ya kwanza hadi hii ambayo haijafungwa. Zilikuwemo. Akakaa chini sakafuni.

Hapo angeweza kunyamaza. Kitabu kimepona, hakuna aliyejua, flashi ingetengenezwa upya jioni na uzi mwingine mwekundu ukafungwa. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati, tusimsingizie utakatifu. Mkunga alimalizia aya zake mbili, akaweka nukta, akakaa akiitazama ile nukta kwa muda. Kisha akanyoosha mkono wazi bila kugeuka, kama alivyokuwa akinyoosha akidai mkasi.

"Flashi."

Tujaribu akaitoa, ile iliyokatika uzi, akamwekea kiganjani.

"Nimeifuta," akasema. "Saluni. Nilikuwa naongea, nikachagua ya pili. Kitabu chote kilibaki humo tu, kwenye umeme. Ndiyo maana nimekimbia."

Mkunga hakupandisha sauti. Aliuliza maswali kwa mpangilio, kwa ile sauti ambayo manesi wachanga waliiogopa kuliko kelele: ni saa ngapi imetokea, nani mwingine anajua, kimebaki nini. Tujaribu alijibu yote. Hakuongeza hata utani mmoja, na kwake hilo peke yake lilikuwa adhabu.

"Na nakala zako?" akauliza mwishoni, kwa matumaini. "Wewe si ulikuwa una nakala? Kazini ulikuwa unaandika kila kitu mara mbili."

"Sikuwa nayo."

"Hata moja? Hata kwa binti yetu?"

"Hata moja." Mkunga aliigeuza ile flashi kiganjani. "Miaka yote kazini nilikagua kila kitu mara mbili. Dawa mara mbili, vitambulisho vya watoto mara mbili, hata kazi ya daktari nilikagua. Nikija nyumbani nilitaka pawe na mahali pamoja ambapo sihitaji kukagua. Nikachagua wewe."

Tujaribu alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kicheko, maana mkewe alikuwa mcheshi akitaka. Hakujiandaa kusikia kwamba muda wote aliokuwa akichekwa na binti, na Msusi, na mtaa mzima, kulikuwa na mtu mmoja aliyemwamini bila kuchungulia. Ilimuuma, na alistahili.

Aliinuka akaenda kwenye chumba chake cha kazi uani. Huko palikuwa na diski moja mpya ndani ya kasha lake, imeandikwa jina la dereva wa lori aliyeahidiwa wiki ile. Akabandua ile karatasi ya jina, akarudi na diski mkononi.

"Ya nani hiyo?" Mkunga akauliza.

"Yako. Dereva atasubiri."

Walifanya kazi kwa utaratibu mchana ule. Kwanza kitabu kilinakiliwa tena, kwenye simu ya Tujaribu, na nakala nyingine akatumiwa binti, ambaye alipiga mara moja kuuliza nani amekufa. Kisha mfumo, ambao bado ulikuwa mzima ndani ya kumbukumbu, ukajinakili wenyewe juu ya flashi ya Msusi. Ndipo Mkunga akabonyeza kuzima. Kioo kikawa cheusi. Tujaribu akapindua mashine, akafungua skrubu, akatoa diski iliyokufa, akaweka mpya, na bila kuombwa akabadilisha pia tundu la chaji, kazi ambayo haikumchukua hata muda wa kunywa chai.

Kompyuta ikawaka kwa flashi mpya. Sasa alikibonyeza kile kitufe cha kusakinisha, yaani kuuweka mfumo ndani ya mashine moja kwa moja, ambacho kilikuwa kimekaa pembeni ya kioo cha mkewe muda wote huo, na mfumo ukauliza uwekwe wapi. Mistari miwili ilijitokeza: diski na flashi.

Tujaribu hakusimulia chochote. Aliisoma mistari yote miwili kwa sauti, jina la kila kimoja na ukubwa wake, polepole, kidole kikiwa mbali na kitufe. "Ya kwanza ndiyo diski," akasema. "Ni hii kubwa. Naandika kwenye ya kwanza."

Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa nao. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na uhakika kabisa, na akanyoosha kidole.

"Ngoja," Mkunga akasema.

Akaamka kitini, akaenda kuchukua miwani yake ya kusomea, akaja akasimama nyuma ya mumewe. Akainama, akaisoma mistari ile mwenyewe, wa kwanza, halafu wa pili, halafu akarudia.

"Sawa," akasema. "Bonyeza."